Cherehani Iliyoshona Peke Yake

Wateja walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na kifungo kilicholegea. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana: cherehani ya miguu chini ya dirisha, nguo zilizokamilika zikining'inia kwenye waya, na katikati sakafu tupu, mahali palipokuwa na meza ya kukatia. Meza hiyo aliihamishia chumbani kwa binti yake wiki ile shule ilipofungwa. Ukuta wa madarasa ulikuwa umepata ufa, wanafunzi wakaambiwa wasomee nyumbani kwa simu hadi mtihani wa mwisho. Tangu hapo alikata vitambaa akiwa amepiga magoti, na kila jioni magoti yalimdai haki yao.

Aliyavumilia. Alikuwa na hofu kubwa zaidi ya magoti.

Yeye mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na minne, aliambiwa abaki nyumbani wiki moja tu, mama yake apate nafuu. Wiki ikazaa nyingine. Hakuna aliyemfokea wala kumpokonya daftari, na hakuna siku ambayo mtu alimwambia, "Leo umeacha shule." Aligundua tu, kama unavyogundua kwamba mvua imeshakatika. Ndiyo maana aliogopa kimya kuliko ugomvi.

Kwa hiyo alisikiliza. Pazia tu ndilo lililotenganisha cherehani na chumba cha Kitinda, mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka kumi na sita. Mwalimu wa hesabu alitaka kila mwanafunzi asome majibu yake kwa sauti, ajirekodi, amtumie. Mama hakuelewa hata robo ya yale, lakini alijua kusikia mtu anayesita. Kitinda akinyamaza, naye alipaza sauti:

"Kitinda! Umelala?"

"Nafikiri, mama."

"Basi fikiri kwa sauti!"

Ijumaa moja asubuhi uzi ulikatika. Mama Vifungo akaacha kushona, akalamba ncha ya uzi, akalitafuta tundu la sindano. Nyuma ya pazia Kitinda alikuwa anasoma: pembe hii, upande ule, kwa hiyo. Na chini ya sauti yake, cherehani ilikuwa inashona.

Mama akautazama mguu wake. Ulikuwa sakafuni. Akalitazama gurudumu. Limetulia tuli.

Cherehani iliendelea kushona. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Suruali haijabadilika, baba. Aliyebadilika ni wewe."

Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe, Jumanne, akimjibu mpiga picha wa kona aliyedai kwamba suruali yake imebanwa makusudi.

Akavuta pazia. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, ikisoma peke yake. Kiti kitupu. Dirisha wazi.

Akatoka bila viatu, tepu ya kupimia bado shingoni. Kichwa chake kilikuwa kimeshafika mbali kuliko miguu: barabara, magari, watu asiowajua. Mpiga picha alikuwa mlangoni pa studio yake.

"Mama Vifungo, nani kakuibia?"

"Umemwona Kitinda?"

"Mimi? Siku hizi napita kwako nimebana pumzi, hii suruali isi..." Akauona uso wake, mzaha ukamwishia mdomoni. "Kuna mtu nyuma ya tangi la maji, dada."

Kitinda alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipinda kwa mkono upindo wa sketi ya mteja.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Jumatano. Nilitaka kukusaidia. Magoti yako..."

"Magoti yangu usiyaingize humu."

Akaichukua sketi, akaigeuza. Mishono ilikuwa midogo, iliyolingana, upande wa nje hauonekani hata mmoja. Mikono kama hii wateja wangeisifu. Wangeiulizia. Na hakuna ambaye angesema, "Leo umeacha shule."

"Mwalimu anajua?"

Kitinda alichoma sindano kwenye mkono wa blauzi yake, akaichomoa, akaichoma tena. "Ijumaa hupiga simu kutuuliza maswali. Iliyopita niliizima simu, sikupokea. Ukikosa mara mbili unaondolewa kwenye orodha ya mtihani."

"Na leo?"

"Saa nne."

Ilikuwa imebaki robo saa.

"Kwa nini hukupokea, mwanangu?"

"Sielewi kitu tangu wiki ya tatu. Na wewe ungesikia." Sasa alikuwa analia. "Unasikiliza kila siku, mama. Nikikosea, mguu wako unasimama. Nasikia cherehani imenyamaza, hata nilichokuwa nakijua kinanitoka. Jumanne nilisoma jibu la kitabuni, ukashona mpaka mwisho. Ndiyo maana nikaiweka ile rekodi."

Mama Vifungo akaikunja ile sketi. Miezi miwili alikuwa anadhani analinda mlango.

"Naogopa," alisema mwishowe. "Naogopa utaizoea hii sketi kama mimi nilivyoizoea."

"Mimi naogopa hesabu."

"Basi mwambie mwalimu kama ulivyoniambia. Tangu wiki ya tatu. Usimtungie jibu."

"Akiniondoa?"

Alitaka kusema haiwezekani. "Sijui," akasema.

Wakarudi ndani. Kitinda akakaa mezani. Mama akachukua viatu, akatoka hadi ng'ambo ya barabara, mahali ambapo angeona dirisha bila kusikia chochote.

Simu iliita, hiyo aliisikia, maana ilikuwa na mlio wa kuamsha mtaa. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu. Kisha ikanyamaza, naye hakujua kama imepokelewa au imejikatia. Lori likapita likaziba dirisha, likachukua muda wote wa dunia. Lilipoondoka, Kitinda alikuwa ameinama, simu sikioni, akitikisa kichwa: hapana. Tena: hapana. Mama akaifunga tepu kidoleni mpaka kidole kikawa cheusi.

Alisimama hapo karibu nusu saa. Kitinda alitoka akiwa na daftari kifuani, macho mekundu.

"Jina limebaki," akasema. "Atanipigia kila siku, tuanze upya wiki ya tatu. Ila amesema mtihani hautanisubiri, na hajui kama nitawahi."

"Utawahi?"

"Sijui, mama." Akafungua daftari, akalifunga. "Kesho saa nne utoke tena."

"Nitatoka," alisema Mama Vifungo, na kuanzia dakika hiyo akaanza kuiogopa saa nne ya kesho.