Ukuta Nilioufuta kwenye Ramani

Nilifuta ukuta kwenye ramani. Siku mbili kabla ya kufungua duka, nikaukuta umesimama pale pale.

Si kipande. Ukuta mzima, unene wa mkono mmoja, umepigwa chokaa mpya, unanitazama.

Naitwa Nadra. Nina diploma ya usanifu majengo, na mdomo unaonitangulia kila ninapokwenda. Kwa miezi kumi na moja nilikuwa msanifu wa kampuni moja ya maduka ya vyombo vya nyumbani hapa Unguja.

Msanifu wa kampuni huna wateja. Una bosi mmoja tu, na bosi anataka kila duka lifanane na jengine: rafu za kijani, kaunta tatu kulia, ukumbi wazi toka mlangoni hadi nyuma. Mtoni nilichora hivyo. Bububu nikachora hivyo. Matofali ya saruji hayakunibishia.

Duka la tano likawa Mji Mkongwe, chini ya nyumba kongwe ya ghorofa.

"Nikisimama mlangoni nataka nione mwisho wa duka," bosi wangu Suhail aliniambia. "Ukiliweza hili, mkataba wa kudumu wako. Ukishindwa, wenye diploma wamejaa mitaa yote ya Ng'ambo."

Ukuta wa kati nikaufuta. Kubofya mara moja tu.

Fundi mkuu alikuwa Ame, mtu mzima wa miaka sitini, mkali kama mimi, jambo ambalo sikumsamehe. Niliingia na kofia yangu nyeupe, nikamtupia ramani.

"Siku hizi watu hawaamkiani?" akauliza bila kugeuka.

"Shikamoo. Ukuta huu unatoka."

"Marahaba. Hautoki."

"Nani kasema?"

"Dari." Akaelekeza mwiko juu. "Umeziona boriti?"

Juu kulikuwa na bodi za jipsamu, alizoziacha mpangaji wa zamani. Sikuona boriti hata moja, na sikutaka kuomba ngazi mbele yake.

"Fundi, mimi nimesomea haya."

"Hukukulia kwenye nyumba hizi, ndiyo maana."

"Nimezaliwa Malindi, hapo nyuma."

"Basi aibu yako kubwa zaidi."

Vibarua wakacheka. Uso ukaniwaka. Nikamwambia kazi yake kushika mwiko, kufikiri kuna wenyewe.

Sikurudi siku kumi na mbili. Nilisimamia kwa WhatsApp. Nikiuliza, "Umeshautoa?" ananijibu kwa picha: sakafu mpya, mlango mpya, rafu za kijani. Zote kazipiga kaupa mgongo ule ukuta. Mimi mwenye jicho la kusomea sikugundua.

Ndipo siku ile tukaingia pamoja: mimi, Suhail, na mkaguzi wa majengo, Bi Saadiya.

"Nini hiki?" Suhail akauliza.

"Ukuta," Ame akajibu.

"Naona ni ukuta. Unafanya nini dukani kwangu?"

"Umebeba ghorofa."

Suhail akanivuta pembeni. "Mwambie mkaguzi kwamba fundi huyu kaikaidi ramani. Leo namfukuza, kesho tunavunja, Jumatatu unasaini mkataba."

Wala haikuwa uongo. Kweli kaikaidi. Nikafungua mdomo niseme.

"Msanifu, njoo uone," Bi Saadiya akaniita. Alikuwa keshapanda ngazi, kabandua bodi moja ya dari.

Nikapanda.

Boriti za mkoko, fupi, zimetoka kushoto zikaishia juu ya ukuta ule. Nyengine zimeanzia hapo hapo zikaenda kulia. Hakuna hata moja iliyovuka.

Nikakumbuka chumba chetu cha Malindi, chembamba kama vyumba vyote vya mji. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Miaka ishirini nimelala chali nikizihesabu, sikuwahi kujiuliza.

Ghorofani, juu ya duka, anakaa Bi Mize na wajukuu wake sita. Nilisikia miguu yao ikikimbia. Nikashuka.

Bi Saadiya akasogeza rafu iliyoegemea ukuta. Nyuma yake, kwa penseli ya seremala, palikuwa pameandikwa: UKUTA HUU UMEACHWA KWA AMRI YA MSANIFU NADRA.

"Hongera, binti," akasema. "Wenzako wangeubomoa."

Suhail akatabasamu. "Nadra wetu ni makini sana."

Nilikuwa na kazi yangu mkononi. Kunyamaza tu.

Nikamtazama Ame. Anatazama sakafu.

"Hiyo si amri yangu," nikasema. "Mimi niliagiza uvunjwe. Ramani ina saini yangu. Yeye ndiye aliyekataa."

Jumatatu nilipewa barua kweli. Ya kuniachisha kazi.

Ame nilimkuta barazani.

"Shikamoo, fundi. Ahsante kwa kunikinga."

Akacheka kwa dharau. "Nikukinge wewe? Nliandika jina lako ili bosi akiukuta ukuta, akule wewe. Ulinitukana mbele ya watu wangu."

Nikamwomba radhi. Mimi, Nadra.

Sasa nnachora kwa kujitegemea. Nikimpigia Ame, huiacha simu iite weee ndipo apokee, na bado nampigia.

Wewe mwenye cheti kipya, sikwambii uwe mpole. Mimi mwenyewe sijawa. Nakwambia omba ngazi, upande, uangalie. Aibu yake ni ya dakika moja. Nilikwepa dakika hiyo, na watoto sita walibaki wakicheza juu ya kiburi changu.