Aliyewaita Bata

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, fundi pikipiki wa hapa Kibondo mjini, mtu nisiyegusa pombe na ninayelala mapema kama kuku. Aliyekuwa pamoja nami ni shemeji yangu Yoramu, mume wa mdogo wangu Debora. Yupo hai, ila sikushauri uende kumuuliza.

Mimi na Yoramu tulikuwa tukiwinda bata kila kiangazi. Bunduki zetu ni za marisau, zile risasi za punje ndogondogo za kupigia ndege, zina leseni, na kibali cha ndege tulikichukua ofisi ya wanyamapori kabla ya kwenda kokote. Wengi wanadhani ukiwa na bunduki unashuka tu mtoni na kujipigia. Sivyo. Kibali kinakuambia upige ndege gani, wangapi, na eneo gani. Korongo nyangumi, yule mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, humgusi hata akija kusimama juu ya mguu wako. Humulikii ndege tochi. Hupigi ukiwa juu ya pikipiki. Na jua likizama umemaliza: unafungua mtutu, unatoa risasi, unarudi nyumbani hata kama bata wanakupita juu ya kofia. Kwa hilo la mwisho Yoramu alikuwa mkali kuliko askari. Niliwahi kumwona akitoa risasi huku kundi zima linashuka mbele yetu, kwa sababu tu jua lilikuwa limeshagusa miti. Shika hilo, utaona kwa nini lilinitisha.

Na bata naye si kuku, ana akili. Mchana anakula mashambani kwenye mpunga, jioni anarudi majini kulala, kwa hiyo unamsubiri njiani, umejificha ndani ya matete. Anatua akielekea upepo unakotoka. Basi wewe unakaa upepo ukikupiga mgongoni, ili aje akikuelekea, kifua wazi. Tulikuwa na bata wa mti aliowachonga Yoramu, tunawafunga kamba na jiwe, wanaelea mbele yetu, wale wa kweli wakiona wenzao wametulia nao wanashuka. Hupigi mpaka ameteremsha miguu. Hupigi kundi, unachagua mmoja. Hupigi chini usawa wa maji, kwa sababu huwezi kujua nani yuko ng'ambo na mtumbwi.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Majani yamekauka, na maji ya bonde la Malagarasi yamebaki kwenye mto wenyewe na kwenye madimbwi ya pembeni. Tuliacha pikipiki kwa mkulima mmoja tunayemfahamu, tukashuka kwa miguu, tukapanga bata wetu wa mti, tukaingia matetani. Yoramu alikuwa na haraka kidogo. Kanisani kwao kulikuwa na wageni wa kwaya kutoka Kasulu, na alikuwa ameahidi kitoweo.

Tulipata bata wawili mapema. Kisha hakuna. Anga ilikuwa tupu. Si bata tu, hata wale vijidege wa matete walinyamaza, na vyura ambao saa ile huwa wameshaanza kelele hawakuwepo. Nilimnong'oneza Yoramu kwamba labda kuna mamba karibu, tusogee juu. Akaniambia tuvumilie, jua bado lipo.

Ndipo tukaona mtu amesimama kando yetu.

Naomba unielewe hapa. Matete ya mwezi wa nane ni makavu. Mtu akipita yanalia kama magazeti, hata ndege akitua unamsikia. Sisi hatukusikia kitu. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti zito la buluu, kofia ya sufu, miguu pekupeku. Upande aliotokea ni wa tope na maji, lakini miguu yake ilikuwa mikavu na safi, kama ametoka kuinawa na kuifuta.

"Mwakeye," akatusalimu.

Kama si mtu wa huku, nikueleze: hiyo ni salamu yetu Waha ya asubuhi. Jioni tunasema mwidiwe, na mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Yoramu akamjibu mwidiwe. Yule mtu akamtazama kwa upole, akarudia vilevile, "Mwakeye," akaketi chini upande wangu wa kushoto.

Tulidhani ni mkulima wa ng'ambo, au mkimbizi wa kambi ya Nduta aliyetoka kutafuta kuni. Akauliza kama tunakosa ndege. Yoramu akasema ndiyo. Akasema yeye anajua kuwaita, na kabla hatujamjibu akaweka vidole viwili mdomoni.

Umewahi kuwasikia wale bata wenye uso mweupe, wanaopiga mluzi wakiruka? Mluzi wake ulikuwa huo, ila ulikuwa mrefu zaidi, na mwishoni uliinuka kama mtu anayeuliza swali. Bata wakaja. Walikuja wengi, niamini, na walikuja vibaya. Walikuja upepo ukiwapiga mkiani, jambo ambalo bata hafanyi. Hawakuzunguka kuangalia hatari. Hawakuwajali wale wa mti. Walishuka moja kwa moja mpaka mbele ya miguu ya yule mtu, wakatulia majini, wakamtazama.

Yoramu akapiga. Akapiga tena. Walioguswa walilala juu ya maji, na wenzao hawakuruka. Hebu fikiri. Bunduki inalia hapo hapo, na bata hageuzi hata shingo. Nikamgusa Yoramu begani, nikamwambia inatosha, idadi ya kibali imetimia. Akaingia majini, akawaokota wale aliopiga, akawatia kwenye gunia. Alikuwa akitabasamu. Aliporudi jua lilikuwa limezama. Mimi nilikuwa nimeshatoa risasi zangu. Yeye, Yoramu yule niliyekusimulia, alikuwa anaingiza nyingine.

"Shemeji, jua limezama," nikamwambia.

"Kidogo tu, shemeji. Si unaona wanakuja wenyewe?"

Yule mtu akasimama. Akapiga hatua akaingia majini, na sikusikia maji yakigawanyika. Akatugeukia.

"Hao walikuwa wenu," akasema. "Sasa naita wangu."

Akapiga mluzi mwingine.

Sikio langu la kushoto limekufa nusu, ni kazi ya bunduki na injini za miaka mingi, na yeye alikuwa upande huo. Kwa hiyo niliusikia kwa mbali, kama wimbo unaopigwa nyumba ya tatu. Hata hivyo kifua changu kilijaa utamu nisioweza kukueleza. Nilimkumbuka marehemu mama yangu akiniita chakula kimeiva. Niliona mguu wangu umesogea mbele, na sikumbuki kuuambia usogee.

Yoramu aliusikia wote. Bunduki yake, ambayo huwa anaifuta kwa kitambaa kila baada ya kutumia, aliiachia ikaanguka kwenye tope. Akabana mikono ubavuni, akaingia majini. Hakutembea kama mtu anayeogopa kuteleza. Alikwenda polepole, kifua mbele, katikati ya wale bata, nao wakampisha kisha wakamfuata nyuma. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, kwa jina la mke wake. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani. Yule mtu alikuwa mbele yake, kwenye kina ambacho mimi nakijua, hakuna mrefu anayesimama pale, na maji yalikuwa hayajamfika hata magotini.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilitia risasi, nikaweka mtutu karibu na sikio langu zima, nikaelekeza juu, nikapiga. Nilijua nimevunja sheria na sikujali. Kichwa kililia kengele, nikawa sisikii chochote, na miguu yangu ikarudi kuwa yangu. Bata wote wakaruka kwa pamoja, maji yakanirukia usoni. Walipopita, yule mtu hakuwepo.

Nilijitosa, nikamkamata Yoramu kwenye ukosi wakati kichwa kinazama. Alipigana nami. Mtu wa kanisa, mpole, aliniuma mkono. Kovu hili hapa. Nilimburuta mpaka majanini, nikamkalia. Midomo yake ilikuwa imechongoka mbele kama ya mtu anayepiga mluzi, anavuta pumzi na kuitoa, na sauti haitoki.

Mlio wa bunduki baada ya jua kuzama haupiti bure. Haukupita muda mrefu akaja askari wa wanyamapori na tochi, amekasirika, anataka vibali. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akamulika gunia na kuniambia nilifungue.

Wale bata wawili tuliowapata mwanzo walikuwa bado wana joto. Wale wengine, wa yule mtu, walikuwa wepesi kama maganda ya mahindi. Hakuna damu, hakuna tundu la risau. Nilimshika mmoja, akabomoka mkononi, manyoya na mifupa mikavu, kama amekufa tangu mwaka jana. Dakika chache kabla nilikuwa nimewaona wakitapatapa majini.

Askari alizima tochi. "Waacheni hapa," akasema. "Gunia pia. Mkiondoka msigeuke, na huyu mshike mkono mpaka kwake."

Hakutuandikia kosa. Nilimuuliza kama amewahi kumwona yule mtu. Akanijibu kwamba yeye doria ya jioni upande ule haendi peke yake, na hapo alikuwa amekuja kwa sababu ya mlio tu.

Sasa nikueleze tulivyobaki. Bunduki yangu nimeikabidhi polisi na sitaki kuiona. Yoramu aliugua homa, akapona, akarudi shambani. Lakini jioni bata wakipita juu ya nyumba alikuwa akiacha chakula, anakwenda mlangoni, anasimama. Debora akimuuliza unakwenda wapi, anasema ameitwa. Walimwombea kanisani, wazee wa ukoo nao wakafanya ya kwao. Mwisho tukaamua ahame. Wakaenda Kasulu, juu kabisa mlimani, mahali ambapo hata maji ya kunywa yanapandishwa kwa baiskeli. Tukasema huko bata hawafiki.

Walikaa vizuri miezi mingi. Kisha asubuhi moja Debora alinipigia simu akiwa analia, nikapanda pikipiki siku hiyo hiyo. Alinieleza kwamba alfajiri alisikia mume wake akipiga mluzi usingizini, mluzi mrefu, unaoinuka mwishoni. Alipofungua mlango ili aende kuwasha moto, uani kulikuwa na bata wenye uso mweupe. Wamejaa juu ya vumbi kavu, kimya, wote wameelekea dirisha la chumba wanacholala.

Aliwafukuza kwa ufagio, hawakuruka mpaka jua lilipotoka. Akarudi ndani. Binti yao mdogo, ambaye hulala chumba cha pili, alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha baba yake, mikono ameibana ubavuni, macho ameyafumba, anatabasamu.

Yoramu mwenyewe hakumbuki kitu. Analia ukimwambia. Siku hizi analala nyumba ya nje, na anaomba afungiwe kwa kufuli. Mdogo wangu kila jioni anawaosha watoto, anawavalisha nguo za kulalia, halafu anawatia pamba masikioni, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, ndipo anazima taa.

Mimi simkatazi mtu kuwinda. Chukua kibali chako, kaa upepo ukikupiga mgongoni, subiri bata ateremshe miguu. Lakini ukiwa Malagarasi, jua linaelekea kuzama, akaja mtu usiyemsikia akija, akakupa salamu ya asubuhi na kukuambia anajua kuwaita ndege, toa risasi, mshike mwenzako mkono, ondokeni. Msiwaonee uchungu hao bata. Na msisubiri kusikia akishawaita bata ataita nini.