Nyayo za Mwari

Nilipovunja ungo, baba alinitoa shule akanikabidhi kwa dada yake. Shangazi alianza na makubadhi yangu. Aliyafungia kwenye sanduku, ufunguo akautundika shingoni, akasema mwari hana pa kwenda, viatu vya nini? Mie nikabaki pekupeku katika nyumba yetu ya Temeke yenye sakafu ya udongo, kama kuku aliyefungwa mguu.

Hakuniamini hata chembe. Kila jioni kabla ya magharibi alinikalisha mkekani karibu na mlango, akanishika kifundo cha mguu na kukagua nyayo zangu, akitafuta mchanga mwekundu wa barabarani. Hata siku niliyoshinda na homa alinikagua. Nilimchukia, sisemi uongo. Na mie nikaanza kumchunguza: anatoka lini, anarudi lini, buibui lake kuukuu analiweka wapi.

Maana nilikuwa na langu. Shoga yangu alikuja kunisuka, akaninong'oneza kwamba mwalimu hajafuta jina langu. Mtihani wa darasa la nne ni wa siku mbili, nikiweza niende. Na baba alishaapa: akisikia nimekanyaga shule tena, ndoa inafungwa wiki hiyo hiyo.

Mungu anisamehe, nilifurahia msiba wa watu. Kulifiwa Keko, shangazi akawa anashinda matangani. Nikajitia buibui lake, nikapitia uani pekupeku, nikafanya mtihani wa siku ya kwanza. Niliporudi nilisugua miguu kwa dodoki na sabuni mpaka ikaniwasha. Mchanga haukubaki hata punje. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Jioni shangazi akanishika kifundo kama kawaida. Akatazama mguu huu, akatazama na ule. Akapitisha kidole gumba kwenye unyayo, akakinusa.

"Umeshinda ndani, unakanyaga udongo tangu asubuhi," akasema polepole. "Mguu mweupe hivi umeutoa wapi?"

Nilijua nimekwisha, na machozi yakaanza kunitoka. Baba alikuwa barazani, tukamsikia anakohoa. Shangazi aligeuka akautazama mlango kwa muda, kisha akaniachia mguu na kuinama sikioni mwangu.

"Kesho ukirudi," akasema, "kanyaga majivu ya jikoni kwanza. Baba yako naye ana macho."