Msimu Mmoja Bila Dawa

Ashukuriwe Mungu, aletaye mvua juu ya milima ya Mbozi bila kumngoja mtafiti yeyote, aliyenifikisha uzee huu nikiwa na akili zangu. Kwake naanzia, maana kwa habari hii sina pengine pa kuanzia.

Nilikuwa mtafiti wa kahawa. Kazi yangu ilikuwa kuchavusha mibuni kwa mkono, ua kwa ua, nikitafuta mti utakaostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado machanga. Mradi ulipokosa wafadhili, kituo cha utafiti kilitupunguza. Nikapata nafasi ya kufundisha baiolojia Mkwajuni, bondeni kwenye joto, kwa vijana ambao nusu ya mawazo yao ilikuwa kwenye mashimo ya dhahabu. Miche yangu ya mwisho niliruhusiwa kuondoka nayo. Nikaipanda nyumbani Mbozi, kwenye shamba la marehemu baba.

Ilipoanza kuzaa, mkuu wa kituo aliniambia, "Mzee, nioneshe msimu mmoja bila dawa. Miti itakayobaki safi nitakuja kuiona mwenyewe, na wewe utarudi kazini nayo."

Ulikuwa msimu wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Baada ya hapo, hakuna ambaye angenirudisha.

Basi sikupulizia kitu. Mvua zikawa nzito, ugonjwa ukaingia. Mke wangu alinipigia simu shuleni akilia kwamba matunda ya baadhi ya miti yamekuwa meusi kabisa. Mimi nilifurahi peke yangu ofisini kama mwendawazimu, kwa kuwa ugonjwa ukija kwa nguvu ndipo mti imara hujulikana. Shule ilipofungwa nikapanda pikipiki, kisha basi, nikaenda kuona.

Kila jani lilikuwa na madoa ya buluu. Mrututu, dawa ya kuua ukungu.

Kanisani kwetu, mtu akiugua au akiwa mbali, jumuiya humfanyia kazi za shamba. Ndivyo tulivyolelewa, nami nimewalimia wengi. Jirani yangu, mzee wa kanisa, alitokea kati ya mistari ya mibuni akiwa na bomba la dawa mgongoni, anacheka, wanajumuiya wengine nyuma yake.

"Mwalimu! Mtaalamu mzima, chulebuni inakupiga mweleka? Shamba lako lilikuwa linatutia aibu!"

"Mmepulizia yote?"

"Yote! Hata ile ya kando ya mfereji. Na matunda yaliyooza akina mama wameyachuma, wameyachoma moto."

"Mke wangu hakuwakataza?"

"Shemeji alikataza sana. Tukamwambia, huyo anaona haya tu kuomba dawa, sisi tunamjua."

Nilikaa chini kwenye matope. Wakadhani nimezidiwa na shukrani, na mama mmoja akaanzisha wimbo.

Nikampigia mkuu wa kituo pale pale. Akasema, "Pole sana, mzee. Sasa utanionesha nini?"

Mti dhaifu na mti imara ilikuwa imefanana.

Chakula kilipoiva waliniomba niombe. Nikasema, "Bwana, ibariki mikono iliyofanya kazi hii." Maneno yalitoka, moyo ukabaki nyuma. Ugali ule niliumeza kama mchanga, huku jirani yangu akiniongezea mboga.

Nilistaafu nikiwa mwalimu. Miti ipo, nasi tunaipulizia kama watu wote, kwa kuwa ndiyo inayotulisha. Naamini kati yake uko ule nilioutafuta maisha yangu yote. Mungu anaujua. Mimi siujui. Zipo asubuhi napita katikati ya mistari nikimwuliza, naye hajanijibu. Namshukuru hata hivyo, siku nyingine kwa kujilazimisha, nikingoja shukrani ije yenyewe.

Nawe unayesoma, Bwana aibariki kazi unayoipenda. Na ikiondolewa na watu wanaokupenda, akupe nguvu ya kukaa nao mezani. Amina.