Udi wa Magharibi

Mimi ni mtu wa ndani. Kutoka Mji wa Kale hadi Makupa, humu humu mjini, kwangu hiyo ni safari ya kufunga mizigo na kuagana na majirani. Kwa hivyo kama ni kufa, nitafia jikoni, na jioni ile nusura iwe kweli.

Nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Maharagwe nimeyateleka kwenye jiko la gesi, nami niko ukumbini natazama tamthilia. Mama, ambaye hatembei tangu avunjike nyonga, alikuwa amelala chumba cha pili. Ikaadhiniwa magharibi. Kwetu ikiadhiniwa, mkono wangu hujiendea wenyewe: chetezo, makaa, kiberiti, udi. Kichwa hakiulizwi.

"Mwanangu," Mama akaita, "hebu fanya hima na huo udi. Humu mwanuka mayai viza."

"Naja, mamangu. Pengine ni mtaro."

Nikaingia jikoni, nikapanga makaa, nikachomoa njiti. Ilikuwa imeshagusa ubavu wa kiberiti niliposikia ssss. Maharagwe yamefurika, yamezima moto, na gesi yatoka. Mayai gani? Nyumba nzima haikuwa na yai.

Wallahi, mkono haukutaka kusimama. Ulikuwa na kazi yake, haukuwa na habari nami. Nikaulazimisha, kiberiti kikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Nikashukuru. Kumbe kwa vile jikoni kulishaanza kuingia giza, mkono uleule ulikuwa wapanda ukutani, kuwasha taa, kana kwamba swichi haina cheche! Nikaukamata kwa mwenzake, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Kati yangu na Mama palikuwa na ukuta mmoja tu.

Ikabidi nijiamrishe kwa sauti, kama ninayemfunza kazi mgeni: Funga mtungi. Usiguse kitu. Fungua dirisha. Sasa la Mama.

"Udi uko wapi?" Mama akauliza, nilipokuwa nahangaika na komeo lake.

"Leo hakuna udi, mama. Utanusa kikwapa changu."

"Ah! Basi heri mayai viza."

Nikacheka, kisha nikaketi sakafuni nikalia.

Sasa nikisikia adhana naukalia mkono mpaka niende kunusa jikoni kwanza. Mama asema nimezidi uvivu. Simwambii. Jana niliinuka, nikaukuta umeshashika kiberiti.