Mgebuka Mwenye Masharubu

Mlio wa plaizi ikimega sahani ya udongo bado ninaujua. Kwanza ka!, halafu vipande vinadondoka ndooni, na mimi niliyezoea kuchapwa kwa kuvunja kikombe kimoja nilikuwa nikisisimka kila nikiusikia. Mwaka huo nilikuwa darasa la sita hapo Ujiji. Mke wa mhandisi mmoja wa Kichina, tuliyemwita Bi Mei, alikuwa akiupamba ukuta mrefu wa barabara iendayo ziwani kwa ufundi wa kwao: anakata vyombo vilivyovunjika na kuvipachika kwenye saruji mbichi, kipande kwa kipande, mpaka linatokea ua au ndege. Ila safari hii alitaka samaki wa Ziwa Tanganyika na michikichi yetu, vizungukwe na mawingu ya kujikunja na maua ya kwao. Akina mama wakamletea vigae kwa ndoo. Kisha akaja shuleni na kutangaza, kupitia dereva wake, kwamba samaki mkubwa wa katikati atachorwa na mwanafunzi, na jina la mchoraji litaandikwa chini yake.

Nilijua ni mimi. Shule nzima ilijua, maana kila ramani iliyokuwa ubaoni niliichora mimi. Nikaona nimfurahishe Mchina kwa vitu vya kwao: nikanakili tausi na maua kutoka sahani ya bibi, samaki nikambana chini kwenye kona. Mwajuma, binti wa mama yangu mdogo, aliyekuwa akikaa kwetu siku za shule, hakujua kuchora. Mbuzi wake ungedhani ni meza. Lakini alikulia Kibirizi, ambako mama yake alikuwa akiuza samaki. Alichora mgebuka mmoja tu, yule samaki wetu wa ziwani, mwembamba, mdomo wazi, kama ametupwa mkekani sasa hivi. Jioni akauweka mchoro wake kando ya wangu. Nikaangalia wa kwake, nikaangalia wangu, roho ikaniuma. Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa.

Kesho yake Mwajuma aliamka na malaria, akaniomba nimpelekee karatasi yake. Nikaenda nayo mpaka nyuma ya mashine ya kusaga, nikatoa penseli, nikamwongezea mgebuka masharubu mawili marefu ya kambare. Mgebuka hana masharubu, na Kigoma hata mtoto wa chekechea anajua hivyo. Nilitaka Bi Mei aone kwamba aliyechora hamjui samaki, autupe huo mchoro. Bi Mei alimtazama tausi wangu, akatabasamu kwa adabu, akamweka pembeni. Aliposhika wa Mwajuma, alipiga makofi. Akayagusa yale masharubu kwa kidole na kumwambia dereva maneno mengi.

"Anasema samaki wa heri wa kwao nao wana masharubu," dereva akanifasiria. "Anauliza, aliyechora anaitwa nani?"

Nikasema, "Mwajuma."

Mgebuka yule alichukua wiki tatu. Mgongo wake ulikuwa wa vigae vya bluu, tumbo la vikombe vyeupe, na masharubu yalitengenezwa kwa kingo za dhahabu za sahani za harusi ya mtu. Alipendeza mno, na mimi nilimchukia. Kilichonifariji ni siku wauza samaki wa Kibirizi walipokuja kumwona. "Mwajuma, huyu mgebuka wako kaolewa na kambare?" waliuliza, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwajuma alirudi nyumbani akilia, anaapa hakuyachora, labda ni Bi Mei aliyeyaongeza. Mama yake, aliyekuja na wauza samaki wenzake, akamkaripia asimsingizie Mchina wa watu. Amekwisha kumwaibisha mbele ya wenzake, binti wa muuza samaki asiyemjua mgebuka! Mimi nilikuwa papo hapo nachambua mchicha. Sikufungua mdomo, na chakula cha jioni nilikila chote.

Miaka imepita. Siku hizi kijiwe cha bodaboda cha pale kinaitwa Masharubu, maharusi wanapigia picha mbele ya mgebuka yule, na kuna fundi anayemchapa kwenye fulana. Wageni wakimuuliza Mwajuma aliyatoa wapi mawazo yale, anajibu kwa raha zake kwamba yalimjia tu kichwani. Mimi nina kazi ya ofisini Dodoma, na penseli ya kuchorea niliiacha shule ya msingi. Zamani nilimwonea wivu kwa samaki aliyemchora yeye. Sasa namwonea wivu kwa masharubu niliyoyachora mimi, na wivu huu wa ukubwani ni mchungu zaidi, kwa sababu haki yangu imo ndani yake.

Nilipokwenda likizo safari iliyopita tulisimama naye pale ukutani. Bwana harusi mmoja alikuwa amemaliza kumshika mkono na kumpongeza. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwajuma, yale masharubu niliyachora mimi. Siku ile unaumwa."

Sikusema kwa toba. Nilitaka fungu langu. Aliyatazama masharubu pale ukutani, kisha akanigeukia.

"Kumbe," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni Bi Mei."

Kisha akanishika mkono, akanigeuza taratibu niwaelekee maharusi, wapiga picha na vijana wa bodaboda waliojaa kijiweni.

"Haya, dada, waambie. Na sababu uwaambie pia."