Manjano ya Udongo wa Kalimoni

Baba alistaafu udereva wa trekta kwenye shamba la kahawa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kwa mara ya kwanza maishani mwao wazazi wangu wakahamia nyumba iliyokuwa yao wenyewe. Ilikuwa nyumba ndogo ya mawe upande wa Ruiru, paa la mabati, kuta zimepigwa plasta na kuachwa hivyo, kijivu kitupu ndani na nje. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Thika. Nilipanga chumba huko, na wikendi nilirudi nyumbani.

Mwaka huohuo kijana mmoja, fundi wa mitambo pale kiwandani, aliniambia kwamba watu wa kwao Ngoingwa wangependa kuja kwetu kujitambulisha kabla ya posa. Nilipomweleza mama, hakuniuliza kijana ni nani wala anatoka ukoo gani. Kwanza alitazama ukuta.

"Wageni hawawezi kukuta nyumba iko uchi," akasema.

Baba alikuwa na jibu tayari. Miaka yote aliyofanya kazi shambani aliipenda ofisi ya meneja, ambayo kuta zake zilipakwa rangi ya mafuta ya kijani, inang'aa mpaka ukipita unajiona. Akaenda mjini, akanunua mkebe mdogo wa rangi hiyo, akaanza na mlango wa sebuleni ili tuone. Mlango ulipendeza, siwezi kusema uongo. Lakini mama alikuwa na pumu, na harufu ya ile rangi na tina ya kuichanganyia ilimbana kifua kabla baba hajamaliza kuosha brashi. Tulimtoa nje akihema kwa shida. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyeuza mitumba sokoni, alikuja mbio akamshika mkono akampeleka kwake, na huko ndiko mama alikolala mpaka harufu ilipotulia.

Baba alichukua bisibisi. Aling'oa mlango kwenye bawaba, akauegemeza nje kwenye ua wa miiba ya kayaba, akatundika blanketi mahali pake. Mama aliporudi nyumbani alilikuta blanketi, akalisukuma kwa mkono, akaingia, na hakuna aliyeizungumzia tena rangi ya meneja.

"Basi tupake chokaa," baba akasema baada ya siku chache. "Haina harufu, na bei yake tunaiweza."

"Sitaki chokaa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nyeupe." Mama aliacha mboga alizokuwa anachambua. "Tangu nije huku nimelala ndani ya nyeupe. Nyumba za laini, zile za wafanyakazi, nyeupe, choo nyeupe, hata mawe ya kando ya barabara kila Krismasi yanapakwa nyeupe. Nyumba yangu haitafanana na jiwe la barabarani."

"Unataka rangi gani?"

"Manjano. Kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji."

Baba alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza mama kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ruiru. Mwenye duka alimfungulia mkebe wa kwanza, na mama akainama akaunusa, hivyo hivyo kama alivyonusa maziwa kabla ya kuyanunua. Akatikisa kichwa. Akafunguliwa wa pili. Mwenye duka alikuwa mcheshi, na kufikia mkebe wa tatu alikuwa ameegemea kaunta.

"Mama, hiyo ni rangi, sio supu."

"Supu mbaya haiwezi kunilaza nje," mama akamjibu.

Kulikuwa na rangi ya maji ambayo haikunuka sana. Mama aliipenda. Akauliza bei yake, akafikiria vyumba vyote vya nyumba, kisha akarudisha kifuniko polepole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Mimi nataka rangi isiyonuka, yenye bei ya chokaa, na iwe ya manjano," akamwambia.

"Hiyo ukiipata uniletee, na mimi niuze."

Tuliondoka tukicheka, lakini najua mama alikuwa na huzuni. Njiani alisimama mara kadhaa kutazama nyumba za watu.

Rangi yenyewe tuliipata mahali ambapo hatukuitafuta. Rafiki ya baba, dereva mwenzake wa zamani, alikuwa anachimba kisima kwake Kalimoni, nasi tukaenda kumsalimu baada ya ibada ya Jumapili. Juu kulikuwa na udongo mweusi wa kawaida, ule unaonata kwenye viatu. Lakini waliokuwa chini kwenye shimo walishafika mbali, na ndoo zilikuwa zinapanda na udongo mwingine kabisa, laini, wa manjano, umelundikwa kando ya migomba. Mama aliacha maongezi katikati. Alichukua kidogo, akausugua kati ya vidole, kisha akaupaka nyuma ya kiganja chake na kukiinua juani.

"Huu mnaupeleka wapi?"

"Tutautupa," yule rafiki akasema. "Hauoteshi kitu."

"Usitupe. Nitauchukua wote."

Hapo ndipo mama alipotuambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana kule kwao magharibi, yeye na dada zake walikuwa wanapaka nyumba ya mama yao kwa udongo wa rangi mbalimbali, mwekundu chini, mweupe juu, na michoro ya vidole kuzunguka dirisha. Alikuwa hajagusa kazi hiyo tangu alipokuja huku kuchuma kahawa. Laini za kampuni hazikumruhusu mtu kuchora kitu. Alisimulia huku mkono bado umeinuliwa, na baba, aliyeishi naye miaka hiyo yote, alikuwa anamsikiliza kama sisi wengine.

Udongo ulifika Ruiru kwa mkokoteni wa punda. Tuliuanika kwenye gunia, tukauponda, tukauchekecha kwa chekecheo cha unga, ambacho hakikurudi jikoni tena. Chokaa tuliiloweka kwenye pipa tangu jioni, tukatia chumvi kama baba alivyozoea kuona shambani. Tulijaribu kwenye ukuta wa nje wa choo, viraka viraka, hiki kimekolea, hiki kimepauka. Rangi ilikuwa ikikauka inafifia, kwa hiyo tulilazimika kusubiri jua lifanye kazi yake kabla ya kuamua. Majirani walipita wakatoa maoni bila kuulizwa. Mama wa mitumba alipenda kile cha pembeni. Baba alipenda kilichopauka. Mama alisimama mbele ya choo chake amefunga mikono, kama tajiri dukani.

"Ongeza udongo," akasema.

Tulipaka nyumba nzima ndani ya wikendi. Baba alivaa miwani yake ya vumbi ya trekta ili chokaa isimrukie machoni, na sisi wanawake tulijipaka mafuta mikononi mpaka kwenye viwiko na kuvaa mifuko ya nailoni, maana chokaa inachoma. Lakini harufu haikuwepo, isipokuwa ile ya mvua inapoanza kunyesha kwenye vumbi. Mama alipaka akiimba nyimbo za kwaya, sauti ya kwanza, halafu ya pili, na kifua chake hakikumsumbua hata kidogo. Kila tulipochanganya ndoo mpya alisema ongeza udongo. Tukaongeza. Ilipokauka, sebule ilikuwa na manjano ambayo sijawahi kuiona dukani, kama vile jua limeingia likakataa kutoka.

Wageni walikuja Jumamosi. Baba yake kijana alivaa suti nyeusi, wajomba zake vilevile, na shangazi yake, ambaye wote walimwita tata, alivaa gauni la bluu iliyoiva na kilemba chake. Sebule ilikuwa ndogo, kwa hiyo tulipanga mabenchi kuzunguka kuta. Walikula chapati na kuku, wakaegemea, wakaongea kwa adabu ile ndefu ya siku kama hizo. Wote waliisifia nyumba. Mama alikuwa anaitikia macho chini, lakini nilimjua, alikuwa anang'ara.

Kisha wakainuka kwa maombi ya kufunga. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Waligeuka kumwelekea mzee aliyekuwa anaomba, na mabega yote ya wakwe zangu watarajiwa, kuanzia suti ya baba mkwe mpaka gauni la tata, yalikuwa ya manjano. Ile suti nyeusi ilibeba umbo zima la ukuta, na hata nyuma ya kichwa chake, penye mvi, palikuwa na manjano.

Mama aliona wakati uleule nilioona mimi. Alishika ukingo wa meza. Amina iliposemwa, baba alijaribu kupangusa bega la mjomba mmoja kwa leso, akaisambaza rangi zaidi.

"Tusameheni," mama akasema kwa sauti ndogo. "Nyumba yangu imewaharibia nguo."

Yule kijana wangu alinitazama, nami nikatazama birika. Halafu tata akajigeuza kuona mgongo wa kaka yake, akavuta gauni lake mwenyewe akaliona, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa tena kwenye benchi, akaegemea ukuta ule ule.

"Hii rangi imeshatushika," akasema. "Sasa hatuwezi toka. Sisi ni wa hii nyumba."

Baba mkwe naye akaanza, taratibu, mabega yakitikisika na unga ukidondoka. Baada ya hapo hapakuwa na mgeni wala mwenyeji. Watu walipangusana migongo uani kwa kanga na majani ya migomba, na mambo ya posa ambayo wazee walikuwa wayazungumze kwa vikao viwili yakamalizika palepale wamesimama.

Tata hakuondoka bila kuuliza. "Mlitia nini ya kuishikisha?"

"Maji na chumvi," mama akasema.

"Na udongo mwingi," baba akaongeza.

"Tia maziwa. Yaliyoganda, ukishatoa mafuta." Tata alifuga ng'ombe Ngoingwa. Mwaka fulani, alieleza, maziwa yalimwagika kwenye ndoo ya chokaa alipokuwa anapaka banda, na hiyo chokaa ilikataa kutoka kwenye ndoo hata kwa jiwe.

Wiki iliyofuata alirudi na mtungi wa maziwa, na hakuja peke yake. Kijana wangu alikuja na brashi, mjomba mmoja na ngazi, na baba mkwe akaja na ovaroli chini ya koti. Tulipangusa ule unga kwa matambara mabichi, tukachanganya upya, udongo kidogo, maziwa mengi, na safari hii mama alikubali kuambiwa basi inatosha. Manjano ilipungua nguvu kidogo, lakini ikatulia. Mchana huo mama alimtuma baba mkwe apake nyuma ya kabati, naye akaenda na ndoo yake. Karibu na dirisha mama aliomba aachwe peke yake, akachovya vidole kwenye udongo mwekundu wa uani uliochanganywa na maziwa, akachora mistari ya mawimbi kuzunguka fremu. Alikosea wa kwanza, akaufuta. Wa pili ulikuja wenyewe.

Jioni wageni walipoondoka, kuta zilikuwa zimekauka. Kwa kawaida baba alikalia kiti chake nje mpaka chakula kiive. Siku hiyo alikibeba akakiingiza sebuleni, akakaa katikati ya chumba, mikono juu ya magoti.

Mama alimwita kutoka jikoni mara mbili, kisha akaja kumchungulia.

"Huli?"

"Subiri kidogo," baba akasema. "Naangalia nyumba."

Mama akavuta kigoda, akakaa karibu naye.